Sura ya Saba: Sambusa za Mwezi Mzima

Shaabani inapobakiza wiki mbili tatu, swali hili huanza kuzunguka Kariakoo, Unguja, Mombasa na hata Maskati: "Nikifunga sambusa sasa hivi nikaziweka kwenye friza, zitafika Ramadhani zikiwa salama? Na mbona za mwaka jana zilipasuka zote kwenye mafuta?"

Hayo ni maswali mawili. La kwanza linahusu afya ya walaji, la pili linahusu manda na mafuta. Majibu yake yanakutana mahali pamoja, kwenye sufuria ya nyama kabla haijafika friza, na ndiyo maana sura hii itakaa sana jikoni na kidogo tu kwenye friza yenyewe.

Sababu ya kuuliza naielewa vizuri. Saa kumi na moja jioni, katika nyumba inayofunga, jikoni kuna ndizi mbivu za nazi, mihogo au magimbi, uji, tambi, kaimati na kachori, na vyote vinatakiwa kuwa mezani kabla ya adhana ya Magharibi. Anayepika naye amefunga. Sambusa peke yake ni kazi ya kusukuma manda, kuzichoma, kuzikata, kukaanga nyama, kukatakata vitunguu, kisha kukunja moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ikishafanywa mapema, mpishi anapata saa nzima ya kusoma, kupumzika au kukaa na watoto wake. Saa hiyo ina thamani kubwa ndani ya mwezi huo, na mtu anayeitafuta anastahili maelekezo ya uhakika.

Jibu fupi ni ndiyo. Sambusa hugandishika vizuri kuliko karibu kila kitu kingine kinachowekwa mezani wakati wa kufuturu. Sharti lake ni moja: friza hushika chakula katika hali kilichoingia nayo. Nyama iliyoingia ikiwa imechelewa itatoka ikiwa imechelewa, na nyama iliyoingia na maji itatoka na maji zaidi.

Baridi hufanya nini, na haifanyi nini

Chakula huharibiwa zaidi na bakteria, yaani viumbe hai wadogo mno wasioonekana kwa macho. Wapo kwenye nyama mbichi, kwenye ubao wa kukatia, kwenye mikono yetu. Wachache hawana madhara makubwa. Hatari ni kuzaliana kwao, na wanazaliana haraka zaidi chakula kinapokuwa kati ya nyuzijoto 5 na 60. Chini ya hapo wanapungua kasi, juu ya hapo wengi wao huanza kufa.

Kasi yenyewe ndiyo watu wengi hawaijui. Katika mazingira wanayoyapenda, baadhi yao hugawanyika kila dakika 20: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Ukipiga hesabu hiyo kwa saa saba, bakteria mmoja amezaa zaidi ya milioni mbili. Saa saba ni usiku mmoja wa sufuria iliyofunikwa na kuachwa juu ya meza, "ipoe vizuri, tutafunga asubuhi."

Friza ya nyumbani inayofanya kazi sawasawa hufikia nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo bakteria huacha kuzaliana, lakini wengi hawafi. Wanasubiri. Chakula kikiyeyuka wanaendelea walipoachia. Kwa hiyo friza husimamisha saa, na ni juu yako kuhakikisha saa hiyo inasimamishwa mapema.

Hapa hutokea hoja ambayo nimeisikia kwa wapishi hodari kabisa: "Si nitazikaanga tena? Moto utaua kila kitu." Moto unaua mengi, ila si yote. Kuna bakteria anayeitwa Clostridium perfringens ambaye hujificha ndani ya ganda gumu linalostahimili hata kuchemka. Sufuria kubwa ya nyama inapopoa polepole, ganda hufunguka na bakteria anaanza kuzaliana katika uvuguvugu ule. Wengine, hasa wale wanaotoka kwenye ngozi na pua zetu, huacha sumu ambayo haiharibiki kwa moto wa jikoni. Bakteria watakufa kwenye mafuta, sumu itabaki, na mfungaji aliyekaa na njaa mchana kutwa ataila akiwa na tumbo tupu.

Kwa ufupi: fuata saa, usifuate moto. Muda ambao nyama hukaa vuguvugu ndio unaoamua usalama wake, na hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuufuta.

Kupoza kwenye sinia

Kanuni inayotumiwa na mashirika ya afya ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzijoto 32, iwe saa moja tu. Mpishi wa pwani aiangalie kwa makini hiyo ya pili. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua, na miaka hii imeangukia kaskazi: ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya 2026 katikati ya Februari. Kwa hiyo Shaabani, wakati wa kuandaa, nayo imo ndani ya joto lile lile. Jiko la Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, na jiko la moto linawaka, limeshavuka nyuzi 32.

Dawa yake haihitaji kifaa. Mimina nyama kwenye sinia pana, isambaze iwe na unene wa sentimita tatu hivi, na uiache wazi chini ya feni. Ukitaka haraka zaidi, weka sinia juu ya beseni lenye maji na barafu, ugeuze nyama kwa mwiko mara kwa mara. Kilo mbili zilizorundikana kwenye sufuria hushikilia joto katikati kwa saa nyingi kwa sababu joto halina pa kutokea. Zikitandazwa zinapoa upesi. Mvuke ukishakwisha na sinia likawa baridi ukiligusa, funika na uingize kwenye friji. Kuisukuma sufuria nzima ya moto ndani ya friza hakufai: inapasha joto vyakula vya jirani, na katikati yake bado itachelewa.

Maji, adui wa manda

Sasa tuje kwenye kupasuka. Manda ni ukurasa mwembamba wa unga wa ngano uliochomwa nusu kwenye chuma. Inaweza kubeba nyama kavu bila taabu. Inashindwa na mvuke. Maji yanapogeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile yaliyokuwa nayo, na ndani ya sambusa iliyofungwa nafasi hiyo haipo. Kona huachia, nyama humwagika, mafuta huanza kuruka na kuwa meusi.

Kugandisha huongeza maji yanayoonekana, hata kama hukutia hata tone. Nyama na mboga zimejengwa kwa chembe hai, vyumba vidogo vyenye kuta na maji ndani. Maji yakiwa barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yakiganda polepole hufanya mabonge makubwa ya barafu yenye ncha, yanayotoboa kuta hizo, na siku ya kuyeyuka maji yote hutoka nje. Yakiganda upesi mabonge huwa madogo na kuta nyingi husalimika.

Ugunduzi huo uliingia kwenye biashara kupitia Mmarekani Clarence Birdseye. Alipokuwa Labrador, kaskazini mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwaona Wainuit wakigandisha samaki kwenye upepo mkali wa baridi. Samaki yule aliganda papo hapo, na akiyeyushwa miezi baadaye alikuwa karibu sawa na aliyevuliwa siku hiyo. Birdseye alitengeneza mitambo ya kuiga kasi hiyo, na mwaka 1930 vyakula vyake vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts. Friza ya nyumbani haina nguvu ya mitambo ile. Tunachoweza ni kuisaidia: kugandisha vitu vidogo, vyembamba, vilivyokwisha poa, na si vingi kwa mara moja.

Kwenye sambusa, mwenye makosa mara nyingi ni kitunguu. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza baadaye sambusa alizoziona katika kasri la sultani wa Delhi: nyama iliyokatwakatwa, lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, vikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mpishi, ni mchanganyiko mkavu wenye kitu kimoja tu cha maji. Sisi wa pwani tumeacha lozi na tukaongeza vitunguu, mara nyingi vibichi, vingi sawa na nyama. Kwa sambusa ya kuliwa leo hiyo ndiyo raha yenyewe, kitunguu kinalia mdomoni. Kwa sambusa ya kukaa wiki tatu kwenye friza, kitunguu kibichi hupoteza ugumu wake, hulainika na kutoa maji.

Hivi ndivyo ningeandaa kima, yaani nyama ya kusaga, kwa ajili ya friza:

Kaanga nyama bila kuongeza maji, pamoja na tangawizi, thomu, bizari nyembamba na chumvi. Itatoa maji yake yenyewe. Endelea mpaka maji yaishe na ubaki unasikia sauti ya mafuta tu. Kamulia ndimu wakati moto bado unawaka, ili maji ya ndimu nayo yakauke. Kama nyama ina mafuta mengi, iweke kwenye chujio yachuruzike.

Vitunguu vikatwe vidogo sana, vinyunyiziwe chumvi kidogo, viachwe robo saa, kisha vikamuliwe ndani ya kitambaa safi mpaka visitoe tena. Chumvi hiyo ihesabiwe kwenye ile ya nyama. Halafu vitie kwenye sufuria ya moto na ugeuze dakika mbili au tatu tu. Havitakuwa vibichi, wala havitaiva kabisa. Kotmiri ioshwe mapema, itandazwe ikauke, ndipo ikatwe na kuchanganywa mwishoni. Kotmiri iliyotoka kuoshwa hubeba maji mengi kuliko inavyoonekana.

Viungo navyo hubadilika ndani ya baridi. Karafuu, pilipili manga na thomu huelekea kuwa vikali, hata vichungu, chakula kikikaa muda mrefu kimeganda. Tia pungufu kidogo ya kawaida yako. Chumvi nayo isizidi, kwa kuwa huharakisha mafuta ya nyama kuchacha, yaani kupata ile harufu ya mafuta ya zamani, jambo linaloendelea polepole hata ndani ya friza.

Vitu vya kuviacha nje ya mchanganyiko wa kugandisha:

– Vipande vya viazi vilivyochemshwa. Huwa vya majimaji na chengachenga. Viazi vilivyopondwa vikavu hustahimili zaidi, kwa hiyo katlesi zina nafuu.
– Mayai ya kuchemsha. Ute wake mweupe huwa mgumu wa kutafunika kama mpira.
– Tui la nazi. Hukatika, maji mbali na mafuta mbali.
– Nyanya na karoti mbichi, kwa sababu ile ile ya kitunguu.

Kufunga, kugandisha, kuweka

Nyama iwe baridi kabisa kabla ya kukunja. Ikiwa na uvuguvugu hulowesha manda kwa ndani, na manda iliyolowa hupasuka hata kabla ya mafuta. Gundi ya unga na maji iwe nzito, na ipakwe hadi kwenye ncha tatu za sambusa, maana tundu dogo la kwenye ncha ndilo mlango wa mafuta. Manda zinazosubiri zifunikwe kwa kitambaa zisikauke.

Zipange kwenye sinia zisigusane, ziingize kwenye friza mpaka ziwe ngumu kama mawe, ndipo uzihamishie kwenye chombo chenye mfuniko. Ukiruka hatua hiyo zitashikana, na siku ya kuzitenganisha utachana nusu yake. Ndoo za aiskrimu zilizooshwa na kukaushwa zinafaa sana. Jaza mpaka karibu na mfuniko, kwani hewa iliyobaki ndani hunyonya unyevu: barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na sambusa hubaki na mabaka meupe makavu. Mabaka hayo hayana madhara kwa afya, lakini ladha imeshakwenda. Andika tarehe juu ya chombo. Za nyama ya ng'ombe, mbuzi au kuku zile ndani ya miezi miwili. Za samaki wenye mafuta zisipite mwezi.

Wapo wanaozikaanga nusu kwanza, ndipo wakagandisha. Naona njia hiyo ina hasara: manda hunywa mafuta mara mbili, na mafuta hayo ya kwanza yanaendelea kuchacha yakiwa kwenye friza. Zigandishe zikiwa hazijakaangwa.

Kama friza ni ndogo, gandisha kima peke yake. Itie kwenye mifuko ya chakula, uibonyeze iwe bapa, upange mmoja juu ya mwingine. Mfuko wa nusu kilo hauchukui nafasi. Uhamishie kwenye friji usiku wakati wa daku, alasiri nyama iko tayari kukunjwa. Usiyeyushe juu ya meza: nje itakuwa na joto la jikoni wakati katikati bado ni barafu.

Kutoka friza mpaka kwenye karai

Usiziyeyushe kabisa. Zitoe friza, pangusa ukungu wa barafu uliozishika, na uzitie kwenye mafuta. Barafu hiyo ya juu ndiyo inayofanya mafuta yaruke. Mafuta yawe na moto wa kati, nyuzijoto 170 hivi. Asiye na kipimajoto atie kipande cha manda: kikizama kidogo, kikatoa mapovu na kupanda taratibu, mafuta ni tayari. Kikipanda na kugeuka rangi mara moja, moto ni mkali, na sambusa zitakuwa nyekundu nje huku ndani zikiwa baridi.

Zitie chache. Sambusa kumi za barafu zikiingia pamoja kwenye karai dogo, mafuta hupoa ghafla na manda huanza kuyanywa. Ya kwanza kutoka ikate katikati. Nyama iwe ya moto kabisa, inatoa mvuke. Ikiwa vuguvugu, punguza moto na uongeze muda kwa zinazofuata.

Kuku mzima wa kujazwa

Swali hili huja baadaye, Idi au Krismasi inapokaribia: je, kuku aliyejazwa anaweza kugandishwa? Hapa jibu langu ni usifanye. Maji ya kuku mbichi huchuruzika ndani ya kile ulichomjazia, na katikati ya ndege mzima ndiko baridi huchelewa kufika wakati wa kugandisha na ndiko joto huchelewa kufika wakati wa kuoka. Waswahili waliohamia Marekani hukutana na jambo hilo hilo kwa bata mzinga wa Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, anayejazwa mkate uliokatwakatwa, vitunguu na majani ya viungo. Idara ya Kilimo ya huko inawaonya watu wasigandishe nyumbani ndege waliyemjaza wenyewe, na inataka katikati ya ujazo pafikie nyuzijoto 74 ndipo uliwe. Pika ujazo peke yake, upoze kwenye sinia, ugandishe peke yake, na upashe moto vizuri kando ya kuku.

Umeme ukikatika

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa karibu saa 48. Iliyojaa nusu, karibu saa 24. Kila ukifungua kuchungulia unapunguza hesabu hiyo. Kama kuna nafasi tupu, ijaze kwa chupa za maji, ambazo zikiganda zinasaidia kushikilia baridi. Usizijaze pomoni, maji yanatanuka.

Kwa anayesafiri, au anayeishi mahali ambapo umeme hukatika usiku bila mtu kujua, kuna kipimo rahisi. Gandisha kikombe cha maji, kisha weka sarafu juu ya barafu na ukiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, chakula hakikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini, hata kama barafu imeshika tena, kila kitu humo kiliyeyuka na kuganda upya, na hujui kilikaa vuguvugu kwa muda gani. Kitupe.

Ukiwahi mapema mambo ni tofauti. Sambusa ambazo bado zina barafu ndani zinaweza kurudishwa kwenye friza umeme ukirudi, ingawa manda itakuwa imelowa kidogo. Zilizolainika zikiwa bado na baridi ya friji zikaangwe jioni hiyo hiyo, zote, hata kama ni mia. Nyumba moja haiwezi kuzimaliza, basi majirani wapelekewe, na sinia moja liende msikitini kabla ya Magharibi.